Maghrib ya Tanga, Asubuhi ya Vancouver

Sheria ilimtaka kila mwajiriwa aishi kwa jua la mji unaomlipa, na punje ya kielektroniki iliyopandikizwa chini ya ngozi ya Kihiyo kumshikisha saa za huko haikuwa na mzaha. Mwili wake ulikuwa Tanga, jua lake lilikuwa Vancouver. Kwa hiyo Ramadhani hii, wakati mkewe Mwanaidi anafungua, yeye ndiyo kwanza kunamkuchia, na saumu yake ingali mbichi.

Hilo Mwanaidi angelizoea. Mume wa zamu za usiku si kitu kigeni. Kilichomkera ni kwamba punje haikuleta saa tupu, ilileta na tabia za huko. Tanga futari huliwa mlango wazi, na jirani akipita huvutwa mkono. Kihiyo sasa aliufunga mlango, tena akaomba radhi hata akipishana na mkewe ukumbini.

Jioni ile adhana ilipolia, Mwanaidi na binti yao Rukia walikuwa mkekani, uji wa pilipili manga ukifuka moshi. Mlango wa chumbani ukagongwa kwa ndani.

"Hodi," akasema Kihiyo.

Mwanaidi akacheka kwa hasira. "Baba Rukia, hodi nyumbani kwako?"

"Samahani. Sikutaka kuwaingilia."

Rukia, aliyefunzwa adabu tangu hajaota meno, akaitikia kama anavyowaitikia wote wanaobisha: "Karibu, mgeni."

Mwanaidi akageuka amkanye. Lakini Kihiyo alikwisha kuvua ndara, amesimama pembeni ya mkeka, anangoja aonyeshwe pa kukaa.