Ukuta wa Jikoni na Neno "Bado"

Tangu Volker Grimmling aongoze jimbo letu hapa Ujerumani, kuta za jikoni mwetu sisi wageni husema kwa sauti yake. Alianza udiwani akipiga kelele sokoni, mbele ya mabanda ya vitunguu. Leo kila asubuhi ananiuliza kwa upole mie, Mwanakheri wa Lamu: "Bibi, umefunga mizigo?" Ukijibu "bado," umeme unakatwa mpaka kesho yake.

Mie hujibu bado. Theluji imefika dirishani, donge la mahamri limekataa kuumuka.

Jirani yangu Gudrun, Mjerumani aliyempigia Grimmling kura mara zote, akanipitishia waya wa umeme kutoka kwake. "Nilimchagua atengeneze barabara," akanung'unika, "si akugandishe wewe."

"Ndiyo hiyo barabara, shoga. Ananionyesha njia ya kwetu."

Tukacheka mpaka machozi. Mahamri yakaumuka, nikakaanga, tukala.

Kesho yake tuko jikoni kwake, ukuta wake ukazungumza, kwa upole uleule: "Gudrun, na wewe umefunga mizigo?"

Gudrun amezaliwa nyumba hiyohiyo. Akaweka kikombe mezani, akanitazama.

Nikamshika bega. "Mjibu, mwenzangu. Neno lenyewe fupi."