Aliyeyaona Maporomoko

Mzungu alikuwa bado na mguu mmoja nje ya mlango Redio alipomshika mkono na kumwingiza ndani.

"Karibu, karibu sana. Tumekungoja tangu saa mbili."

Redio ndilo jina ambalo mwanamke huyu alipewa na wafanyakazi wenzake wa makumbusho, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitembeza wageni katika vyumba vile vinne, na leo aliamka na kiherehere cha bibi harusi. Kitukuu wa Mpelelezi, yule msafiri mashuhuri wa kale, alikuwa anakuja kutoka Ulaya, akiwa na shajara ambayo babu yake aliiandika safarini, miaka mia moja na ushee iliyopita.

Ramani zote ziliyaita maporomoko ya mto wa hapo kwa jina la Mpelelezi. Wanafunzi walipoulizwa nani aliyagundua, waliandika jina hilohilo wakapata alama. Redio alikuwa na jibu lake. Babu wa babu yake alikuwa mnyapara wa wapagazi, na katika ukoo wao ilijulikana kwamba yeye ndiye aliyetangulia kuyaona. Ushahidi hakuwa nao. Mkurugenzi alikwishamwonya mara mbili kwa barua aache kuwaambia wageni mambo ambayo hayajaandikwa ukutani. Barua ya tatu ingekuwa ya kwaheri.

Lakini damu ya Mpelelezi, Redio alijiambia, lazima isikie uso kwa uso.

"Samahani," alisema Mzungu, kwa Kiswahili kilichonyooka kama rula. "Kabati la kioo liko wapi?"

"Kabati halina miguu, halitakimbia. Kwanza historia."

Ukumbini, mwanamke wa makamo mwenye gauni la maua alikuwa ameketi peke yake, ngozi nyeusi kama ya Redio, mkoba mapajani, akiitazama picha ya Mpelelezi. Viti arobaini vilikuwa vimerundikwa pembeni.

"Dada, wewe ndiye uliyeletwa kusaidia?" Redio aliuliza.

"Naweza kusaidia."

"Basi tupangie viti, safu tano. Shughuli ni saa nne, na mimi nimebanwa na mgeni."

Mwanamke akaweka mkoba chini, akakunja mikono ya gauni, akaanza. Uso wake ulionyesha mtu aliyepata burudani asiyoitarajia.

Redio akafungulia sauti. Akamwonyesha Mzungu buti la Mpelelezi, darubini yake, mizani yake ya kupimia shanga. Akamweleza kwamba neno mpelelezi lina maana mbili, mvumbuzi na jasusi, na zote zilimkaa kama kofia. Akamfikisha mbele ya ramani iliyotundikwa ukutani.

"Hii ndiyo iliyotumaliza," alisema. "Miaka minane baadaye waliingia askari. Hawakumuuliza mtu njia. Kila kijito, kila kisima, kila kivuko, vyote vimo humu. Nyuma ya askari akaja mtoza kodi. Mtu aliyeichora karatasi hii, bwana, mimi ningependa kumpata dakika tano tu."

Mzungu akawa mwekundu mpaka masikioni. "Pole sana," alisema. "Mimi sikujua."

"Ndiyo maana nakwambia."

"Lakini kabati..."

"Nakuja huko. Kwanza umsikie babu wa babu yangu."

Nyuma yao mwanamke wa viti alijifuta machozi ya kicheko. "Kwani Mpelelezi alikuwa na umri gani alipofika huku?"

"Thelathini na miwili," Redio alijibu bila kugeuka.

"Thelathini na mmoja. Alizaliwa mwezi wa Desemba."

Redio akamtupia jicho. Siku hizi hata wasomi wamekosa kazi, alijisemea, akaendelea.

Ilipofika saa tatu na nusu, Mzungu alikuwa ameomba radhi kwa ajili ya jina, visima, na kodi. Redio alipomletea kitabu cha wageni, aliandika: Nasikitika kwa yote yaliyotokea. Akatia saini. Redio alijizuia asipige vigelegele.

Hapo Mkurugenzi akashuka ngazi, tai imenyooka, shada la maua mkononi. Redio akamsukuma Mzungu mbele kidogo. Mkurugenzi akamwambia huku akimpita:

"Fundi, mpaka sasa hujawasha mtambo wa kuzuia unyevu kabatini? Shajara tutaiweka wapi?" Akaenda moja kwa moja kwa mwanamke wa viti, akamkabidhi maua kwa mikono miwili. "Kitukuu wa Mpelelezi, karibu kwetu. Tusamehe. Nani amekupa kazi hii?"

Redio alitafuta pa kukaa, na viti vilikuwa tele. Aliiona barua ya tatu ikipigwa chapa.

"Nimejipa mwenyewe," mwanamke alisema. "Bibi zangu walikuwa Waafrika, simlaumu. Nilitaka kumsikiliza dada huyu mpaka mwisho."

Akatoa mkobani daftari la ngozi lililochakaa, akaketi kando ya Redio, akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Babu alikuwa hoi kwa homa, hakutoka hemani wiki tatu. Maporomoko hakuyaona maishani mwake. Aliyaona mnyapara. Jina lake hili hapa."

Redio alilisoma mara mbili. Kisha akaruka, akamkumbatia mwanamke, akamkumbatia Mkurugenzi, akamkumbatia na fundi, ambaye aliomba radhi tena. Akasema liandikwe ukutani leo leo, kwa herufi kubwa, na shuleni pia lifundishwe.

"Ngoja, dada," alisema mwanamke, akiteremsha kidole. "Mstari haujaisha. 'Nayo ramani yote, kisima kwa kisima, kaichora yeye. Mimi nimetia saini tu.'"