Klachi ya Mama

Sheria ilikuwa moja: gari la mashindano lina dereva mmoja tu. Mwanafunzi akishaliweza, ujuzi wa mwalimu wake hufutwa kichwani papo hapo.

Ndiyo maana Anasia alikuwa akilizima gari kwa makusudi. Kila jioni, kwenye uwanja mtupu nyuma ya nyumba, aliachia klachi ghafla, gari likaruka kama mbuzi na kuzima. Mama yake, bingwa wa zamani wa mbio za magari, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Vua kiatu cha kushoto, kama mimi," alisema leo akiwa kiti cha pembeni. "Klachi hii haina subira, mwanangu. Ukisikia tu inashika, mguu utulie hapo hapo, halafu uongeze mafuta. Usiurushe kama umekanyaga moto wa jikoni!"

Anasia naye akacheka, akajisahau. Mguu ukatulia wenyewe. Gari likachomoka likinguruma, likazunguka uwanja mzima bila kukwama.

Alisimamisha gari, akaogopa kugeuza shingo kumtazama Mama.

"Hongera, mwanangu!" Mama alikuwa akipiga makofi. "Nani kakufundisha?"

Kisha akainama kuokota kiatu chake cha kushoto, akishangaa kwa nini alikivua.