Atakayebaki Kwenye Ngoma

Kila familia inayokwenda kutazama ngoma za jadi za Uvumba huacha mtu mmoja huko, awe mchezaji maisha yake yote. Ndiyo sheria, na watu wameizoea. Bi Nunu alikwishajitolea.

"Mama, sweta umeweka? Kule baridi," aliuliza mkwewe Rehani, akihangaika na zipu ya sanduku. Mjukuu, Saumu, alilikalia ili lifungike.

"Nitapata joto nikicheza, baba. Nyie rudini na picha nzuri."

Wakacheka. Ndipo mwenyeji wao wa Uvumba akapiga simu, mkarimu kweli. Alishukuru, akasema bibi asisumbuke, miguu yake imechoka. Kisha akauliza, kwa upole, kama Saumu amezoea kulala peke yake.