Hilo Halimo

Tangu mume wangu Shekuwe awekewe mjuzi nyuma ya sikio, nyumbani kwetu hatuamkiani tena. Kila anayefikisha miaka hamsini huwekewa kidude hicho, na baada ya hapo hana haja ya kuuliza. Jibu humjia kabla swali halijafika mdomoni. Zamu yangu ni mwezi ujao.

Zamani alikuwa mtu wa kuuliza mpaka anakera. Akionja mchuzi, lazima ajue nimetia nini. Akiona ukutani mdudu asiyemjua, atamchungulia mpaka chai ipoe. Na kila asubuhi, "Umeamkaje, Mwanakheri?" kisha habari za mgongo, habari za ndoto, habari za dada yangu wa Pangani. Nilikuwa nikimwambia, "Baba Zuhura, niache ninywe chai." Sasa ananiacha.

Leo asubuhi nilimwekea kikombe chake, nikakaa mbele yake.

"Unajua nimelalaje?"

"Vibaya," akasema. "Ulilia mpaka alfajiri."

"Na unajua kwa nini?"

Akatazama mbali, kama afanyavyo akingoja jibu lije. Uso wake ukahangaika kidogo, nami nikapata tumaini.

"Hilo halimo," akasema.

Ilibaki aniulize tu. Ukutani, mdudu wa kijani ambaye sijawahi kumwona alikuwa anapanda polepole. Shekuwe alimtupia jicho mara moja, akakoroga chai yake, akainywa ikiwa bado ya moto.