Neno la Kumwita Mjukuu

Bi Chausiku alifika mapema kwenye darasa la Kiingereza la watu wazima, mkononi barua ya mjukuu wake. Mjukuu huyo alizaliwa ughaibuni, Kiswahili hakijui, na bibi yake hajawahi kumtia machoni.

"Mwalimu, anakuja Desemba! Chumba nimeshakipaka chokaa."

Mwalimu Sekiete aliisoma barua, akasita. "Bibi, hakuandika 'will', kwamba atakuja. Ameandika 'might'. Yaani huenda akaja, huenda asije."

Bi Chausiku alizitazama kucha zake zenye weupe wa chokaa.

"Basi nipe neno la kumjibu. 'Can'?"

"Hilo linamwambia anaweza."

"Kuweza anaweza. 'Must'?"

"Hilo ni amri."

"Simwamrishi mimi. Hakuna la mtu anayetamani tu?"

Mwalimu, chaki mkononi, aliyapitia maneno ya somo aliyoyaandika ubaoni: 'can', 'must', 'will', 'might'.

Bi Chausiku akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: NJOO.

"Lakini Kiswahili hakijui, bibi."

"Atamtafuta wa kumsomea."

Akaitia karatasi kwenye bahasha, akailamba, akaifunga, akashika njia ya posta. Nyuma yake wenzake walikuwa wameshaingia, wakiyakariri kwa sauti moja maneno ya ubaoni.