Mgeni Aliyepoteza Hesabu

Katika ukumbi wa zahanati, muuguzi aliwapanga wazee wawili wawili, kila mmoja mikono mabegani mwa mwenzake, kisha akawasha muziki.

"Mmoja ahesabu hatua kwa sauti, babu zangu. Miguu inyooke na akili isilale."

Mwashi mstaafu alipangwa na mgeni, mzee mnene, mcheshi. Mgeni ndiye aliyehesabu.

"Sita, saba, nane..." Akacheka. "Nimepotea, bwana. Tuanze upya."

Mwashi alisimama kama aliyepigiliwa misumari. Sauti ile na maneno yale aliyasikia ujanani, gerezani. Askari jela mmoja alikuwa akipoteza hesabu hivyo kwa makusudi, huku akicheka, ili viboko vianze upya. Mdogo wake mwashi alikata roho kabla hesabu haijatimia.

"Mbona umegoma, mzee mwenzangu? Magoti?"

Mikono ya mwashi, iliyozoea mawe, ilisogea taratibu hadi shingoni mwa mgeni. Chini ya vidole gumba alilisikia koromeo likipanda, likishuka, kisha likikwama.

"Haya wazee, legezeni mikono," muuguzi alisema kwa upole. "Sasa tunapumzika."

Wote walilegeza, isipokuwa mmoja.